Mjadala: Magunia ya korosho tuagize kwa hesabu au kwa jicho la mwenyekiti?

Karani, Tandahimba: Wakuu, bodi ya AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa mazao, imegawanyika. Vijana tunataka magunia yaagizwe kwa hesabu. Mwenyekiti anasema akizunguka mashambani mwezi wa nane akatazama maua, yatosha. Msimu uliopita alitazama, magunia yakaisha, korosho zikarundikwa nje ya ghala na mawingu yametanda. Zikinyeshewa zinashuka daraja, na mnadani bei inashuka nazo.

Hesabu yangu hii, tarakimu nimezirahisisha. Misimu mitano, nikiipanga kuanzia mdogo, tumepokea tani 140, 160, 180, 210 na 310. Wastani ni 200. Ukiagiza ya wastani, misimu miwili kati ya mitano unakwama. Tuseme gunia lililokosekana lina hasara mara nne ya lililobaki: moja kwa nne, jumla tano, hapo inalipa kukubali kukwama msimu mmoja tu kwa mitano. Basi tuagize ya tani 210.

Mkulima, Newala: Dogo, daftari lako limeandika zilizofika ghalani. Zilizokwenda kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua kwa bakuli nje ya ushirika, ziko ukurasa gani? Mwaka wa tani 310 pengine mikorosho haikuzidi kuzaa. Malipo ya ushirika yakiwahi, nani atauza kwa bakuli? Unapima shida za watu ukidhani unapima mikorosho.

Masasi kwetu: Na yakibaki yanaliwa na panya. Hilo nalo lipigie hesabu 😄

Mama wa Nachingwea: Huku hesabu tunazijua. Mwaka 1947 Mwingereza alianza mradi wake wa karanga, ekari zaidi ya milioni tatu tayari zimepangwa kwenye karatasi, Nachingwea ikiwemo. Mpaka 1951 zaidi ya paundi milioni 35 zimeteketea na karanga hamna. Wazee wetu wasingelima vile.

Karani, Tandahimba: Mama, shikamoo. Kosa la wale lilikuwa kupanga kabla ya kuijua mvua na udongo. Kule Kongwa, eneo jingine la mradi huo, ardhi ilikauka ikawa kama saruji. Ukiweka takwimu mbovu, jibu litatoka bovu hata ukikokotoa vizuri namna gani. Ndiyo maana Mkulima wa Newala kanishika pabaya, nakiri. Nitatenga misimu ambayo malipo yalichelewa na ile ambayo yaliwahi, maana kuichanganya ni kama kupima maji na mafuta kwenye ndoo moja. Ila sikubali kwamba jicho la mwenyekiti halina kosa. Makosa yake hayaandikwi popote, kwa hiyo kila mwaka anaanza upya akiwa msafi.

Mkulima, Newala: Hapo umesema. Lakini maua lazima yaingie. Huku kwetu mwaka huu ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, umeyapiga vibaya, na salfa, dawa yake, ilichelewa. Andika hilo kwenye kompyuta yako.

Karani, Tandahimba: Naandika. Ni mikorosho mingapi, mzee?