Skrini ya bluu: WinDbg au BlueScreenView? Na kwa Linux je?

Mwanamtandao_Posta: Wakuu, habari za kazi. Kuna mashine ofisini zinazima ghafla na kuleta skrini ya bluu, kodi 0xD1. Fundi wa Kariakoo anashauri tupige Windows upya, ila mimi nataka nijue chanzo kwanza. Faili za Minidump (rekodi fupi ambazo Windows huhifadhi inapoanguka) zipo. Nizisome kwa kipi, WinDbg au BlueScreenView, bando likiwa la kubana? Halafu kuna seva ya Linux nayo inaganda usiku.

Simba_wa_Steki: Mkuu, msipige Windows upya bado. BlueScreenView ni nyepesi na haihitaji simboli (faili zinazogeuza anwani za kumbukumbu kuwa majina ya msimbo). Inasoma minidampu na kukuonyesha draiva (programu zinazoendesha vifaa) zilizokutwa kwenye steki, yaani orodha ya kazi zilizokuwa zikiendelea mashine ilipoanguka. Kwa kuchuja mashine nyingi haraka inatosha. Shida ni kwamba mara nyingi itakutajia ntoskrnl.exe, na watu wanakimbilia kuilaumu Windows. Hiyo ni kerneli yenyewe, kiini cha mfumo; ajali imeonekana pale, aliyeisababisha anaweza kuwa mwingine kabisa.

Kwa 0xD1 nenda WinDbg, dibaga (programu ya kuchunguza hitilafu) ya Microsoft, ufungue dampu. Andika `.symfix C:\Simboli`, kisha `.reload`, kisha `!analyze -v`. Simboli zikishashuka zinabaki kwenye hilo folda, kwa hiyo bando linaumia mwanzoni tu. Angalia vigezo vinne vya kodi hiyo: cha kwanza ni anwani ya kumbukumbu iliyoguswa, cha tatu kikiwa 0 ilikuwa kusoma, cha nne ni anwani ya msimbo uliogusa. Chukua hicho cha nne, andika `ln` na namba yake, utapata jina la draiva. Malizia na `lmvm` na jina hilo uone tarehe yake. Fungua dampu kadhaa. Draiva ileile ikijirudia, umempata.

Dada_Vipuri: Naongezea kidogo. Kila dampu ikitaja kodi tofauti na draiva tofauti, achana na dibaga, pima RAM kwa Memtest86+ (programu ya kupima kumbukumbu) usiku kucha. Na kodi 0x124 ni hitilafu ya hadwea. Kwa joto na vumbi la mjini hapa, fungua kasha uone feni kwanza.

mzee_wa_kerneli: Kijana, kwenye Linux silaha ni kdump (ya kuhifadhi dampu) pamoja na crash (ya kuisoma), lakini lazima uitegeshe kabla ya ajali. Unatenga RAM kwa `crashkernel=` wakati wa kuwaka; kerneli ikianguka, kerneli ya pili inaamka na kuhifadhi vmcore (dampu yenyewe), kwa kawaida chini ya /var/crash. Kisha ifungue kwa crash, uandike `bt` uone steki na `log` uone ujumbe wa kerneli. Unahitaji vmlinux (faili ya kerneli) yenye simboli za toleo lilelile, nayo ni nzito, ishushe ofisini. kgdb, dibaga ya kerneli inayoendelea kufanya kazi, waachie wanaoandika draiva.

Mwanamtandao_Posta: Shikamoo mzee, asante. Simba, `ln` imetaja draiva ya WiFi kwenye dampu zote nilizofungua, na `lmvm` inaonyesha ni ya 2019. Niwashe Driver Verifier (zana ya Windows ya kubana draiva) nihakikishe?

Simba_wa_Steki: Weka draiva mpya kwanza. Verifier inaangusha mashine makusudi draiva ikikosea, hata wakati wa kuwaka. Ukiiwasha, chagua draiva hiyo moja tu, na ujue njia ya kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na draiva za msingi tu) uandike `verifier /reset` kuizima.