Sahani mpya ya singeli: ni heshima kwetu au ndo muziki unahama?

Mtoto wa Magomeni: Wakuu habari za jioni. Binamu yangu yuko Berlin kanitumia sahani mpya (santuri) ya singeli, sio ile ya redioni, hii ni biti tupu upande mzima, vijana wa hapahapa Dar ila sahani imetengenezwa Ulaya. Jumapili nikaipeleka kwa baba mdogo, yeye mashine yake ya santuri anayo tangu enzi za dansi, akapangusa vumbi kwa kanga, akashusha sindano, tukakaa kimya. Aisee. Kwenye simu naisikiaga kama mvua kwenye bati, pale niliweza kutenganisha ngoma mojamoja na besi inagonganisha vikombe kabatini. Nikafurahi halafu nikaumia. Binamu kanunua euro 25, kwa hela yetu ni zaidi ya 65,000. Nani Mburahati atainunua, na mashine ya kuchezea ataitoa wapi? Ndo nauliza, hii ni heshima au ndo tunanyang'anywa taratibu?

Kibaraza Kikuu: Heshima ya nini mkuu. Kelele za kigodoro, hizo sherehe za mtaani za kukesha, ni kelele tu hata uziweke kwenye sahani ya dhahabu. Na wala sio muziki mpya, ni mchiriku umekimbizwa.

Manzese Damu: Umekimbizwa?? Hivi wewe umewahi kukaa studio hata siku moja? Mchiriku ni kinanda kidogo cha Casio, ngoma na honi ya kutangazia. Singeli dogo yuko na laptopu na programu ya Virtual DJ, anakata kipande cha taarabu anakizungusha, biti inaanzia 200 kwa dakika na zipo zinagonga 300, jasho linamtoka hapohapo mbele ya watu. Na hicho kigodoro unachokidharau, mama yangu kapika pilau na kukodisha viti kwenye vigodoro miaka yote mpaka nikamaliza shule. Usiongelee usichokijua.

Kibaraza Kikuu: Sijamtaja mama yako kaka. Nimesema muziki.

Mburahati Kwetu: Manzese tulia kwanza, unaongea kama singeli ni ya kwenu. Studio ya Sisso iko wapi kama sio Mburahati? Ile sahani ya Sounds of Sisso ya 2017, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndo iliyofanya Ulaya watusikie, na jina lenyewe ni la studio ya kwetu.

Manzese Damu: Kurekodiwa na kuzaliwa ni vitu viwili. Singeli ilichezwa Manzese na Tandale kabla hujaijua.

Bi Ng'ambo: Jamani mie hapo pa kukata taarabu ndo pamenichoma. Yule aliyepiga hiyo fidla mnayoikata kapata nini? Leo mnalia sahani zinauzwa Ulaya, na nyinyi mmechukua bila hodi. Ama sahani si jambo geni pwani hii. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu Unguja, alikwenda Bombay 1928 kurikodi kampuni ya HMV, na sahani zile zikarudi, zikauzwa huku kwetu, mwenye gramafoni mtaa mzima ulikuwa kwake. Zilirudi! Hizo za Berlin zinarudi lini?

Manzese Damu: Bila hodi? Taarabu yenyewe si ililetwa toka Misri na Sultan Barghash wa Zanzibar, mlipiga hodi kwa nani?

Bi Ng'ambo: Kasrini ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Siti akaitia Kiswahili, akaimba kesi za watu, shida za wanawake, maskini wa mtaa wa Ng'ambo wakajisikia wenyewe. Kutohoa huko ni kazi, kuna sauti yako ndani. Kukata kipande na kukikimbiza kwangu si kazi hiyo. Na adabu kidogo mwanangu, mie ni mtu mzima.

Manzese Damu: Samahani mama kwa lugha. Ila kukata nako ni kazi, hapo sirudi nyuma.

Fundi Sindano: Mtoto wa Magomeni, mmeangalia spidi? Hizi za besi nzito nyingi zinatengenezwa za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, mifereji inakaa mipana, besi inapata nafasi, ila upande unabeba kama dakika 12 hivi. Ukiicheza kwa 33 biti ya 200 inashuka mpaka karibu 148. Hapo lazima utenganishe ngoma mojamoja.

Mburahati Kwetu: Wabongo bana, mada ni nani anafaidika, nyie mko na mifereji. Kijana aliyetengeneza hiyo biti anayo nakala hata moja ya sahani yake? Mie jirani yangu kaona yake kwenye picha tu.

Kibaraza Kikuu: Kwa hiyo mwenye mada kaisikiliza kwa spidi ya mchiriku ndo akaipenda. Nilisema mimi.

Manzese Damu: Hujasema chochote wewe.

Mtoto wa Magomeni: Nimetoka kwa baba mdogo sasa hivi. Fundi uko sahihi, katikati ya sahani imeandikwa 45, sisi tulicheza 33 pande zote mbili. Nimeiweka 45 nikasimama nayo mpaka mwisho, kifua kinadunda, ni moto na naipenda zaidi. Ila baba mdogo kairudisha 33 kwa mkono wake. Anasema kwa spidi ile kuna fidla humo ndani anaijua, kaisikia harusini zamani.

Bi Ng'ambo: Fidla ya nani? Muulize wimbo gani.

Mtoto wa Magomeni: Ameinamia spika bi mkubwa, ananiambia ninyamaze kwanza.