Mjadala: Mrija wa peni unaoteleza au mrija usiogoma?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kila watu wanapolinganisha mirija ya peni, au rifili kama wengi tunavyoiita, swali la kwanza ni lile lile: "Inateleza?" Mtu anachora mistari miwili na duara kwenye kipande cha karatasi, anaona raha, anachukua. Kuteleza unakujua ndani ya sekunde 10. Kutogoma unakujua baada ya miezi, mrija ukiwa umebaki robo, peni imelala mkobani siku kadhaa, na mtu amesimama mbele yako anasubiri saini.

Msimamo wangu ni huu: kwa maandishi yanayotakiwa kubaki, yaani mitihani, mikataba, fomu, madaftari ya kumbukumbu, mrija usiogoma utangulie na utelezi ufuate nyuma. Na wanaonunua peni kwa ajili ya watu wengi, wa shule na maofisi, waache kuchagua kwa kipimo cha duara.

Nimefika hapa kwa kuumia. Nilikuwa najaza fomu ya nakala tatu zenye karatasi ya kaboni katikati, kwa peni ya wino wa jeli, laini ajabu. Nakala ya juu ilipendeza. Nilipofunua ya tatu, jina langu lilikuwa limetoka nusu nusu, na namba moja haikusomeka kabisa. Mkono ulishazoea kutobonyeza. Karani akanipa peni yake ngumu, ile ya wino mzito, nikaanza upya tangu mstari wa kwanza.

Tuangalie kinachofanya mrija uteleze. Nchani kuna kikombe kidogo cha metali kilichoishika gololi, ambayo siku hizi kwa kawaida ni ya tungsteni kabaidi, ngumu kweli kweli. Upande mmoja gololi inaogelea kwenye wino, upande wa pili inakanyaga karatasi. Ikizunguka, inabeba wino na kuulaza. Sasa piga hesabu: gololi ya milimita 0.7 ina mzingo wa kama milimita 2.2, kwa hiyo kila mita unayoandika imezunguka zaidi ya mara 450. Mrija ukifikisha kilomita 2, gololi imezunguka zaidi ya mara 900,000 ndani ya kikombe kile kile. Kikombe kikilika kidogo tu, gololi inalegea, wino unaanza kutoka mabonge, kisha unaruka. Hayo hayaonekani dukani.

Wino wa zamani wa mafuta ni mzito kama asali. Unadai nguvu, lakini unakaa ulipo: hauchuruziki, haukauki upesi nchani, na unaisha polepole. Wino mwepesi wa mafuta, wa mirija kama Jetstream ya Mitsubishi Pencil, Slider ya Schneider, Acroball ya Pilot au EasyFlow 9000 ya Schmidt, unaiacha gololi izunguke karibu bila kusukumwa, na mstari unatoka mweusi zaidi. Utamu huo una gharama yake. Wino unalazwa mwingi kwa kila neno, kwa hiyo mrija unaisha mapema. Nyuma ya wino lazima kukaa tone la grisi linaloufuata unaposhuka, la sivyo ungerudi nyuma peni ikigeuzwa. Baadhi ya ncha zinawekewa hata springi ndogo ya kuisukuma gololi ifunge mlango wakati huandiki. Kila kifaa kinachoongezwa ili peni iteleze ni kifaa kingine kinachoweza kukosea.

Historia nayo inasema jambo. Mmarekani John J. Loud alipata hataza ya peni ya gololi mwaka 1888, ya kuandikia juu ya ngozi. Gololi ilikuwepo, wino wa kukubaliana nayo ndio uliokosekana. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, na nduguye György, daktari wa meno aliyejua kemia, ndio walioipatia wino mzito, hataza ikaja 1938. Kisha mwaka 1945 Milton Reynolds akaiuza New York kwa kishindo, watu wakajaa dukani. Peni zile zikavuja na kuruka, imani ikaporomoka. Watu walirudi kwenye peni ya gololi pale ilipoacha kuwachafua: Marcel Bich alitoa Bic Cristal mwaka 1950, na mpaka leo tunawaita ndugu zake wote biki.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Dada aliyeandika kwamba anaandika kutwa nzima na kidole gumba kinamuuma mpaka usiku, nimekusoma mara mbili. Hapo narudi nyuma hatua moja. Niliandika kana kwamba utelezi ni anasa, na kwa mkono unaouma si anasa hata kidogo. Anayebonyeza wino mzito saa sita kwa siku anabeba kazi ambayo wino mwepesi ungembebea. Kwako mrija wa wino mwepesi wa mafuta ndio sahihi, na peni nene kidogo ya kushika itakusaidia zaidi. Ila nakusihi usikimbilie jeli kwa ajili ya kumbukumbu zako. Jeli nyingi zinachelewa kukauka, na kiganja kikipita juu yake mstari mzima unakuwa wingu.

Hilo linamhusu hata ndugu yetu wa mkono wa kushoto. Yeye anaisukuma peni badala ya kuivuta, na mkono unafuata nyuma ya wino mbichi. Kwa mwandiko wa namna hiyo wino mzito una faida ambayo hakuna aliyeitaja: unatoka mchache na kukauka mapema.

Kuna aliyedai peni zote zinagoma chini ya ukurasa, kwa hiyo hakuna mrija wa kuaminika. Ndugu, hapo unaisingizia peni. Tazama kwa makini: inaruka pale pale kiganja chako kilipokuwa kimelala ukiandika mistari ya juu. Mafuta na jasho vimeingia kwenye karatasi. Gololi haizungushwi na mkono, inazungushwa na ukwaruzo wa karatasi. Ikikuta utelezi, inaburuzwa kama tairi kwenye tope. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja na uone. Ni sababu ile ile inayofanya karatasi ya kung'aa iishinde peni nzuri.

Na wale wanaoandika wakiwa wamelala chali, au karatasi ikiwa ukutani: wino unashuka kwa uzito wake. Ukielekeza ncha juu, hewa inaingia nyuma ya gololi na peni inakata. Kuichora miduara baada ya hapo hakusaidii sana mpaka hewa itoke. Kwa kazi hiyo ipo mirija yenye shinikizo la naitrojeni ndani, kama ya Fisher iliyokwenda angani na chombo cha Marekani, Apollo 7, mwaka 1968. Inafanya kazi kweli, lakini mwanafunzi anayeandikia mezani haihitaji.

Mwalimu mmoja ameuliza kuhusu peni za kufutika. Hapa sina simile. Wino wa FriXion ya Pilot unapoteza rangi ukipashwa joto la kama nyuzi 60, na Pilot yenyewe inaonya usitumike kwenye hati wala mitihani. Karatasi iliyoachwa ndani ya gari juani inaweza kurudi nyeupe. Kwa zoezi la hesabu sawa. Kwa jina la mtu kwenye cheti, hapana.

Kumbe kipimo cha maandishi ya kudumu kipo, na kinafaa kujulikana na kila anayeagiza peni kwa wingi: kiwango cha kimataifa ISO 12757-2. Wino unaokidhi kiwango hicho umejaribiwa kwa maji, ethanoli, asidi, amonia, dawa ya kuondoa rangi, mwanga na kufutwa. Tafuta herufi DOC kwenye mrija au kasha lake. Wapo wanaosema wino mwepesi hauwezi kuzipata herufi hizo. Si kweli, kuna mirija laini iliyoidhinishwa. Kwa hiyo wanaoniambia nawalazimisha watu warudi kwenye peni za kukwaruza hawajanielewa. Ninachokataa ni kununua kwa raha ya sekunde 10 bila kuuliza wino huo utakuwa wapi baada ya miaka 10.

Jambo la mwisho, kwa kuwa watu watatu wamelalamika mirija haiingii kwenye peni zao. Umbo la mrija wa Parker linaitwa kimataifa G2, na kampuni nyingi zinalitengeneza, kwa hiyo mwili mmoja wa peni unakuruhusu kujaribu mirija ya aina kadhaa. Lakini Pilot wana peni ya jeli ambayo jina lake nalo ni G2, na mrija wake ni mrefu zaidi, hauingii humo. Ukiagiza, taja umbo, usitaje jina peke yake.

Mimi nalinganisha hivi: mirija mitatu ya umbo moja, mwili ule ule wa peni, daftari lile lile. Kila asubuhi mstari mmoja kwa kila mrija bila kuuamsha kwanza, halafu ninatazama herufi ya kwanza tu. Kwangu mrija wa wino mzito wa gololi ya milimita 1.0 ulianza na herufi kamili karibu kila siku. Mrija laini zaidi ya yote ulinila nusu ya herufi mara nyingi, hasa baada ya kulala ncha ikitazama juu. Mmoja wa wino mwepesi uliniaibisha kwa kuwa mzuri pande zote mbili mpaka ulipobaki kama sentimita 2, kisha ukaanza kuruka na haukupona.

Sasa naomba wenye kuandika kila siku mnijibu hili: mrija wenu wa mwisho uliisha wino wote, au mliutupa ukiwa bado nao? Tajeni umbo lake, ukubwa wa gololi, na ulikuwa unakaa ncha juu, chini au umelazwa.