Troponini mara 90 baada ya upasuaji wa moyo, mdogo wangu atapona kweli?

MgebukaMkavu (Ujiji)
Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, kafanyiwa upasuaji wa moyo Dar wiki tatu zimepita, vali ya mitro (mmoja wa milango ya damu ndani ya moyo) iliharibika kwa ile homa ya utotoni inayoanzia kooni, wakamwekea ya chuma. Juzi kaja na treni tupo nae nyumbani. Sasa mie na kimbelembele changu nikafungua bahasha ya diskaji, zile karatasi za kuruhusiwa hospitali, nakuta troponini siku ya kwanza imepanda mara 90 ya kawaida, nikagugo naambiwa hiyo ni shambulio la moyo!! Mama sijamwambia. Hivi vipimo vya damu vinaweza kuonyesha mtu atapona au ndo basi tena? Silali.

SistaWaWodi
Pole kaka. Kwanza funga hiyo gugo, huko wanamwongelea mtu katoka kwake kifua kinabana, sio aliyepasuliwa. Troponini ni protini inayokaa ndani ya misuli ya moyo, sasa moyo umesimamishwa, umekatwa, umeshonwa, damu inazungushwa na mashine, itaachaje kuvuja? Wote inapanda. Kuna utafiti wa 2022, wagonjwa elfu 13 na ushee nchi 12, kwa wale wa kuunganishiwa mishipa ya moyo au vali ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) hatari ya kufa ndani ya siku 30 ilianza kuongezeka pale troponini ya siku ya kwanza ilipovuka mara 218 ya kawaida, na kwa operesheni nyingine za moyo, kama hii ya mitro, ni karibu mara 500. We na 90 yako unalia nini 😀 Mi ningeangalia kriatinini, ile ya figo. Figo zinaumia sana kwenye hizi operesheni na ikipanda ikagoma kushuka hapo ndo tunakaa macho. Namba moja peke yake haisemi kitu, angalia inaelekea wapi.

Kigoma_Halisi
Mpe mlonge asubuhi na jioni, damu itasafishika yenyewe

AsaliYaMiombo (Tabora)
Mwangaluka wadau. We wa mlonge koma kabisa, utaua mtoto wa watu. Mi nina vali ya chuma mwaka wa sita huu, huyo binti yupo kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na dawa za majani zinaivuruga. Kipimo chake cha kumlinda sasahivi ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, vali ya mitro ya chuma wengi tunaambiwa icheze 2.5 mpaka 3.5, ikishuka damu inaganda kwenye vali, ikizidi anavuja damu. Matembele ale ila kiasi kilekile kila wiki, sio leo sufuria zima kesho hamna. Mi mwaka wa kwanza nilikula kisamvu wiki nzima msibani, kilichonikuta sitasahau. Kuna na kipimo cha BNP, ni homoni, moyo ukivutika kwa kuelemewa unaimwaga kwenye damu, ila hata bila hiyo mpime uzito kila asubuhi, akiongeza kilo mbili ndani ya siku chache au miguu ikavimba msingoje kliniki.

MgebukaMkavu
Daah asanteni sana, dada Sista nimeipata kriatinini, siku ya pili 148, siku ya kutoka 91. INR ya mwisho 2.1.

SistaWaWodi
Figo safi. Ila hiyo 2.1 ni ndogo kwa vali yake, kesho asubuhi mpeleke ikapimwe upya, na dozi msiongeze wenyewe.

MgebukaMkavu
Saa moja tupo getini. Mizani nanunua hapo Mwanga tukirudi.