Naomba ushauri: binti yangu aitwe Lyimo kama jina la kwanza?

Habari zenu wakuu, wife kajifungua juzi, mtoto wa kike, wote wazima namshukuru Mungu. Ishu ni jina. Yeye ni Mchaga wa Marangu, kwao wamezaliwa mabinti watupu wanne na mzee wao alishafariki, sasa anataka mtoto aitwe Lyimo, yaani lile jina la ukoo wao ndo liwe la kwanza kabisa afu ndo yafuate yangu, anasema la sivyo jina la baba yake linaishia hapo (japo akina Lyimo wako kibao Kilimanjaro nzima, ila hilo huwezi kumwambia mzazi wa siku tatu).

Namuelewa, ila nawaza mwalimu anaita "Lyimo!" anasimama kabinti, au kwenye fomu wanadhani majina yamegeuzwa. Na bi mkubwa huko Tukuyu kashaanza kununa, alijua mjukuu atarithi jina lake. Nilitaka tuliweke katikati ila katikati si ndo jina langu mimi baba?

Cheti cha RITA bado, kwenye tangazo la kizazi tumeacha jina wazi. Mliopitia hili mlifanyaje, na mtoto alivyokua alilionaje?