Picha zenye fremu: kamisheni ikatwe kwenye bei yote, au baada ya kutoa gharama ya fremu?

Mpigapicha wa Upanga
Ndugu wanajukwaa, nyumba mbili za sanaa hapa Dar es Salaam ziko tayari kupokea picha zangu za Soko la Samaki la Feri kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa. Ya kwanza hukata asilimia 40 ya bei yote. Ya pili hunirudishia kwanza gharama ya fremu, kisha hukata asilimia 50 ya kiasi kinachobaki. Fremu moja ya mninga yenye kioo, kutoka kwa fundi wa Keko, ni shilingi 120,000, na kusafisha picha ni 40,000. Ipi ina nafuu?

Mhasibu
Kaka, inategemea bei utakayopanga. Kwa shilingi 600,000 zote mbili zinakuachia 360,000 kabla ya kutoa gharama zako. Chini ya hapo ya pili inakulipa zaidi, na juu ya hapo ya kwanza. Tafadhali usipange bei kwa kujumlisha kamisheni juu ya kiasi unachokitaka, kwa sababu anayetaka 300,000 mkononi akaongeza asilimia 40 atauza kwa 420,000 na kubaki na 252,000 tu. Gawanya 300,000 kwa 0.6, yaani asilimia 60 inayobaki kwako, upate 500,000.

Dada wa Msasani
Hesabu ni sahihi, lakini mimi ningetazama kwanza picha isiyonunuliwa. Katika unyevu wetu wa pwani, picha iliyogusana na kioo huweza kunata na kuota ukungu, kwa hiyo ni lazima pawepo karatasi ngumu isiyo na asidi inayoitenganisha na kioo, na mkataba useme wazi nani atalipia fremu itakayorudi ikiwa imekwaruzika. Pia wageni wengi hawawezi kusafiri na kioo. Wawekee nakala isiyo na fremu, iliyoviringishwa ndani ya bomba, kwa bei iliyopungua kwa gharama ya fremu.

Mdau wa Kariakoo
Naongeza moja: usimuuzie mteja nyumbani kwa bei ya chini kuliko ya ukutani. Mwenye nyumba ya sanaa akigundua, atakurudishia picha zako zote, na atakuwa na haki.

Mpigapicha wa Upanga
Ahsanteni sana. Nimepanga 480,000, na kwa bei hiyo ya pili inaniachia 300,000 dhidi ya 288,000 za ya kwanza. Kesho nitaomba risiti ya fundi iambatanishwe kwenye mkataba, pamoja na kipengele cha fremu iliyoharibika.