Katika podikasti za vichekesho vya papo kwa papo, ni nani hasa anayetuchekesha?

Msikilizaji wa Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo mimi na rafiki zangu tunalibishania kibarazani karibu kila jioni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza podikasti za Marekani ambazo wachekeshaji wake hawasomi andiko lolote, bali hubuni kila neno papo hapo mbele ya kipaza sauti. Nilianza na Comedy Bang! Bang! ya Scott Aukerman, iliyoanza mwaka 2009 kama kipindi cha redio mjini Los Angeles ikiwa na jina jingine, na mpaka leo sijaona ya kuipita. Anakuja kwanza mgeni halisi, mwanamuziki au mwigizaji, anahojiwa kwa heshima zote, kisha anabisha hodi mtu wa kubuni, anayeigizwa na mchekeshaji kama Paul F. Tompkins, Lauren Lapkus au Andy Daly, na mahojiano yanaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Wenzangu wanashikilia kwamba ufundi wote ni wa huyo anayeingia na sauti ya ajabu. Mimi naona ufundi mkubwa zaidi ni wa mwenye kipindi. Andy Daly anapoingia akiwa Dalton Wilcox, mshairi wa wachunga ng'ombe, huzungumza kwa upole na adabu, na huenda angemaliza saa nzima kwa mashairi yake matupu kama Aukerman asingesimama kwenye neno moja lililopita haraka na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Hapo ulikuwa na maana gani?" Swali hilo dogo humlazimisha mwenzake kueleza, na maelezo huzaa jambo la ajabu zaidi ambalo hata yeye hakuwa amelifikiria alipoketi. Mtu asiyesikiliza hawezi kuuliza swali la namna hiyo.

Je, nakosea? Na je, sanaa hii inaweza kusimama kwa Kiswahili, kwa sikio tu, bila sura wala mavazi?

Mwanafunzi wa zamani wa sanaa, Bagamoyo

Kaka wa Ngamiani, hukosei, ila umeishia njiani. Ulichokieleza ndicho msingi wa mafunzo yenyewe: mwenzako akisema jambo jukwaani, unalipokea kuwa ni kweli, kisha unaliongezea. Akisema mko ndani ya mashua, wewe huna ruhusa ya kusema mko sokoni. Unachota maji yanayoingia. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, alibuni michezo mingi ya mazoezi ya namna hii na kuikusanya katika kitabu mwaka 1963, na mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Second City, kikundi cha vichekesho cha mjini Chicago, mwaka 1959. Katika mji huohuo Del Close alifundisha kwa miaka mingi umbo refu linaloitwa Harold, ambamo neno moja kutoka kwa watazamaji huzaa maonyesho kadhaa yasiyohusiana, ambayo baadaye hurudi na kuanza kugusana. Matt Besser, mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha vichekesho cha Upright Citizens Brigade, alilichukua zoea hilo la kuanzia kwenye neno la msikilizaji na kulitia katika podikasti yake ya improv4humans.

Swali lako la pili ndilo lililonigusa, kwa sababu tunaliuliza kana kwamba ni jambo geni kwetu. Vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980, kama Muungano, vilikuwa vikitoa ngoma, sarakasi, maigizo, taarabu na vichekesho katika onyesho moja, na vichekesho vile havikuwa na andiko. Wachezaji walikubaliana kisa, nani anaanza na mambo yanaishia wapi, kisha maneno yakazaliwa jukwaani kwa kuwatazama watu waliokuja siku hiyo. Ndiyo maana kichekesho kilekile kilichochezwa Jumamosi hakikuwa kilekile Jumapili. Tunachopaswa kujifunza kwa Wamarekani ni namna ya kukirekodi na kukitunza, kwa maana vyetu vingi vilipotea usiku uleule vilipochezwa, na hilo linaniuma sana.

Dada wa Makorora, Tanga

Nawasoma wote wawili kwa heshima, lakini mnazisifu mno podikasti hizi. Nyingi ni ndefu kupita kiasi, saa moja na nusu au zaidi, wachekeshaji wanacheka wao kwa wao mambo yaliyosemwa miaka mitatu iliyopita, na msikilizaji mpya, ambaye bando lake linakwisha huku akingoja, anabaki nje kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Kubuni papo kwa papo si kisingizio cha kutokuwa na mpaka. Kwa hiyo mimi naipenda zaidi Off Book ya Jessica McKenna na Zach Reino, ambao katika kila kipindi hubuni mchezo mzima wa nyimbo, kwa sababu wimbo una vina na kiitikio, nao huwalazimisha kufika mahali. Spontaneanation ya Paul F. Tompkins, iliyomalizika mwaka 2019, nayo ilikuwa na mpaka mzuri: mazungumzo na mgeni, kisha hadithi moja inayosindikizwa na piano hadi mwisho.

Kuhusu kusimama kwa sikio tu, mtu wa Tanga hana haja ya kuuliza. Mzee Majuto, aliyezaliwa mkoani kwetu na kutuacha mwaka 2018, tulimcheka hata tulipokuwa jikoni na televisheni iko sebuleni. Sauti yake ilipopanda kwa malalamiko tulijua uso umekunjwa vipi.

Msikilizaji wa Ngamiani, Tanga

Dada, hoja ya urefu naipokea, na nakiri kwamba mimi mwenyewe humpa mtu vipindi vitatu vya kuanzia kabla ya kumwachia aende peke yake, jambo linaloonyesha kuwa mlango wenyewe ni mwembamba. Ila kwenye suala la mwenye kipindi sijarudi nyuma, na mfano wa mashua wa kaka wa Bagamoyo umenisaidia kulieleza: nahodha ndiye anayewakumbusha abiria kwamba wako baharini.

Jumamosi hii baada ya Isha tutajaribu wenyewe hapa kibarazani, watu watatu na simu moja ya kurekodia. Kisa tumekubaliana: mzee amekuja kudai baiskeli aliyoiazimisha miaka ishirini iliyopita. Tumeweka mpaka wa dakika ishirini. Aliye hodari kuliko sote kwa kuchekesha tumemwomba awe muulizaji, naye amekubali, ingawa kwa shingo upande.